Damu ya Wiki Tatu

Daktari wa maiti alikuwa na tabia moja iliyomkera Mama Tarehe kuliko harufu ya chumba chenyewe: hasemi neno mpaka amalize kunawa. Alisugua kidole kimoja kimoja, akajifuta, akakagua kucha, huku mpelelezi huyo akimngoja kando ya meza ya bati na Koplo wake akiwa ameikodolea macho dari ili asione kilicholala pale.

Aliyelala pale alikuwa fundi cherehani mstaafu mwenye umri wa miaka themanini na moja. Alikufa juzi asubuhi kitandani kwake, katika nyumba ya mwanawe. Huyo mwana, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, aliona michubuko mikononi mwa baba yake akapiga yowe. Majirani wakajaa. Kabla polisi hawajafika, mwanamke aliyeajiriwa kumlea mzee alikuwa ameshapigwa mpaka akavunjika kifundo cha mkono. Sasa alikuwa mahabusu, na kesho saa tatu angepandishwa kizimbani kwa mauaji. Mkuu wa Kituo alikuwa ameshaandaa karatasi zote na alichokuwa akisubiri ni ripoti ya daktari tu.

"Haya," daktari alisema hatimaye. "Tuanze na mikono au na kichwa?"

"Tuanze na tarehe," Mama Tarehe alijibu. Jina hilo alilipata kituoni, kwa sababu swali lake la kwanza kwa kila mtu, awe mwizi au shahidi, lilikuwa "Lini?" Wenzake walidai hata alipochumbiwa aliuliza hivyo hivyo.

"Mikono kwanza, tarehe utaipata." Daktari aliinua mkono wa marehemu. Ulikuwa na madoa ya zambarau kuanzia kiwiko hadi kiganja. "Hiki ndicho kilichowafanya wamvunje yule mama. Si kipigo. Ngozi ya mzee ni nyepesi na mafuta ya chini yake yameisha. Ukimshika kumwinua tu kitandani, kesho ana doa. Mshike mtoto vile vile, huoni kitu. Haya ni madoa ya kuinuliwa na kuogeshwa. Mtu aliyempaka haya alikuwa akifanya kazi yake."

Koplo alishusha macho kutoka darini. Alikuwa mmoja wa waliomsukuma yule mwanamke ndani ya gari, na hakuwa amemsukuma kwa upole.

"Kilichomuua ni hiki." Daktari alisogeza bakuli. Ndani mlikuwa na damu nzito, nyeusi, rangi ya oili chafu ya gari. "Ilikuwa kati ya fuvu na ubongo, upande wa kulia. Imeshajijengea utando. Damu ya juzi haina utando. Hii ni ya wiki tatu, ikizidi nne. Na hapa juu ya sikio kuna kidonda kilichokwisha kufunga."

"Rudia hapo kwenye wiki."

"Tatu kwenda nne."

"Daktari," Koplo alidakia, "mtu apigwe kichwani leo, afe mwezi ujao?"

"Wewe ukipigwa, utaanguka leo leo. Ubongo wako umelijaza fuvu. Tuseme hivyo kwa kukuheshimu." Daktari hakucheka. "Wa mzee umesinyaa. Kuna nafasi pembeni, na mishipa midogo inayovuka nafasi hiyo imevutika. Ukiigonga, mmoja unakatika na damu inaanza kuvuja tone kwa tone. Mzee anaamka, anajipangusa, anasema sijambo. Kweli hajambo, siku ile."

"Halafu?"

"Halafu anaanza kuzeeka haraka. Anasahau. Anamwaga chai. Anaburuta mguu wa kushoto. Analala mchana kutwa. Kijana akifanya hayo anakimbizwa hospitali. Mzee akifanya hayo anatafutiwa mtu wa kumfulia mashuka."

"Angepona?"

"Unatoboa tundu dogo kwenye fuvu, damu inatoka, wiki ijayo yuko kwake anagombana na wajukuu. Nimeona wa miaka tisini wakipona." Daktari alilifunika bakuli. "Jambo jingine. Alikuwa akimeza aspirini? Tumbo lina vidonda vibichi, na damu hii ilivuja, ikatulia, ikavuja tena. Aspirini huzuia damu isigande."

"Mwanawe anasema hakuwa na dawa yoyote. Vidonge alikuwa akipewa na mlezi, kisirisiri."

Mama Tarehe alifungua daftari lake. Mlezi alianza kazi siku kumi na moja kabla ya kifo. Alihesabu mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Mwanamke waliyemvunja mkono alikuwa hajaijua hata nyumba ile wakati mzee anagongwa kichwa.

Mahabusu walimkuta ameketi sakafuni, mkono ameuegemeza kifuani kwa kitambaa cha kichwa. Kifundo kilikuwa kimevimba na kupinda. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, umri ambao mfupa hauna haraka tena ya kuunga, na kwa siku mbili hakuna aliyeufunga. Mama Tarehe aliona aibu, akaificha kwa ukali.

"Ulianza kazi lini?"

"Tarehe ishirini na nne, Afande. Nilishasema."

"Ulimkuta na hali gani?"

"Hiyo hiyo. Mguu wa kushoto anauburuta, kijiko kinamponyoka. Nikamuuliza Mwalimu, huyu mzee kapatwa na nini? Akaniambia, 'Uzee, mama. Wewe fanya kazi iliyokuleta.'"

"Kichwani uliona nini?"

"Kichwa chake sikukiona siku zote kumi na moja. Kofia haitoki. Ukimwogesha anaishikilia kwa mkono mmoja. Nikajua ni haya za kizee, nikamwacha nayo."

"Na vidonge?"

"Vyake mwenyewe. Akiviweka kwenye kopo la vifungo. Nilimuuliza ni vya nini, akanicheka. Akasema ni vya kumsaidia kwenye mashindano."

"Mashindano gani tena?"

"Yeye na mjukuu wake." Kwa mara ya kwanza uso wa mwanamke ulilegea. "Kale kasichana anakokaita Sindano. Kila jioni wanaulizana, 'Umefika wapi?' Wanatazamana, wanacheka. Mimi sikuelewa. Mtoto mwenyewe alikuwa na plasta mkononi."

Kalamu ya Mama Tarehe ilisimama. Alikuwa na maelezo ya watu tisa kwenye jalada, na hakuna hata mmoja aliyetaja plasta.

"Ilitolewa lini?"

"Siku nne kabla mzee hajafariki. Baba yake ndiye aliyempeleka."

Alipotoka, Mama Tarehe alimwamuru askari wa zamu ampeleke mwanamke hospitali. Askari akasema hana ruhusa ya Mkuu. Akaambiwa ruhusa hiyo hapo imesimama mbele yake, aiangalie vizuri.

Mwalimu aliwapokea mlangoni akiwa amevaa shati lililonyooshwa mpaka mikono. Alikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari, mtu ambaye wazazi humpelekea watoto walioshindikana. Alizungumza taratibu, kila neno mahali pake.

"Sina chuki na yule mama," alisema. "Ninachotaka ni sheria ifuate mkondo wake. Baba yangu hakustahili kufa vile."

"Hakustahili," Mama Tarehe aliafiki. "Nionyeshe alipokuwa akishinda."

Ilikuwa pembe ya sebule karibu na dirisha. Palikuwa na cherehani ya kukanyaga, mkasi, chaki, utepe wa kupimia. Chini ya sindano ya cherehani kulikuwa na gauni dogo la kitambaa cha njano, lenye mkono mmoja tu. Mama Tarehe aliligeuza. Mshono wa kiuno ulikuwa umenyooka kama ulivyotarajiwa kwa mtu aliyeshona miaka sitini. Wa begani ulianza vizuri ukapotea. Wa mkono ulikwenda kama njia ya mlevi, ukarudi juu ya wenyewe, ukaishia hewani.

Ukutani palikuwa na msumari, na chini yake mstari mwembamba ambapo rangi haikufifia, mrefu kiasi cha mita moja.

"Hapa palitundikwa nini?"

"Sikumbuki. Kalenda, labda."

"Kalenda nyembamba hivi?"

Mwalimu alitabasamu kwa uvumilivu, kama anavyomtabasamia mwanafunzi mzito. Wakati huo Koplo alikuwa amemwaga kopo la vifungo juu ya meza. Chini kabisa palitoka bahasha ndogo ya dawa. Ilibaki na vidonge viwili.

"Si niliwaambia!" Mwalimu alipaza sauti. "Hicho ndicho alichokuwa akimlisha baba yangu!"

Mama Tarehe aliisoma bahasha. Iliandikwa kwa mkono, mbili mara tatu, na juu yake kulikuwa na muhuri wa hospitali ya serikali, chumba cha plasta. Aliitia mfukoni. Alipogeuka alimwona mtoto amesimama kwenye mlango wa ndani, msichana wa miaka saba, mwembamba kweli kama sindano. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wa kulia, na ngozi yake ilikuwa bado imepauka.

"Hujambo, mwanangu. Mkono umefanya nini?"

Mtoto alimtazama baba yake kwanza.

"Alianguka na baiskeli ya jirani," Mwalimu alijibu. "Mambo ya watoto."

"Lini?"

"Aa, zamani."

"Zamani si tarehe, Mwalimu."

"Afande, nimefiwa. Unataka nikae nahesabu siku alizoanguka mtoto?"

"Hapana," Mama Tarehe alisema. "Nitahesabu mimi."

Chumba cha plasta kilikuwa mwisho wa korido ndefu, kimejaa vumbi jeupe. Mtu wa plasta mwenyewe alikuwa mweupe mpaka nyusi. Alifungua daftari la wagonjwa akashuka na kidole.

"Huyu hapa. Msichana, miaka saba. Tarehe tisa mwezi uliopita, saa nne asubuhi. Mkono wa kushoto."

Tarehe tisa mpaka siku ya kifo ni siku ishirini na sita. Mama Tarehe aliandika, akapiga mstari chini.

"Alivunjika vipi?"

"Hakuvunjika sawasawa. Mfupa wa mtoto umejaa maji bado. Ukiupiga unapinda kama kijiti kibichi, upande mmoja unachanika, mwingine unashika. Unaunyoosha, unaufunga, wiki tatu umepona. Ungekuwa wako au wangu ungekatika vipande."

"Umesema ukiupiga."

Mtu wa plasta alitafuta kitambaa ajifute mikono, ingawa hakuna kitambaa ambacho kingeisafisha.

"Hapa umeandika ameanguka," Mama Tarehe aliendelea. "Wanaoanguka huvunjika wapi?"

"Hapa chini, karibu na kifundo. Wanajikinga na ardhi." Alijigusa. "Huyu alipinda hapa, katikati, upande wa kidole cha mwisho." Bila kuambiwa aliinua mkono mbele ya uso wake, kama mtu anayekinga pigo. Mama Tarehe alimwacha abaki hivyo kidogo.

"Ulijua."

"Aliyemleta alisema ameanguka. Angekuwa baba, ningeuliza. Alikuwa babu yake, mzee wa watu, mcheshi. Nitamuulizaje mzee kama yule?"

"Babu yake ndiye aliyemleta?"

"Sahihi yake hiyo."

Ilikuwa pale, safu ya mwisho, mwandiko wa zamani wenye mikia. Fundi alikaa katika chumba kile, kwenye benchi lile la mbao, saa moja baada ya kichwa chake kugongwa. Kutoka benchi hilo hadi mlango wa daktari ni hatua arobaini. Mama Tarehe alikuja kuzihesabu baadaye, na ikawa heri asingezihesabu.

"Alikuwa amevaa kofia?"

"Ndiyo. Tena ameibana. Akasema kichwa kinamgonga kidogo, labda kwa kelele za mtoto. Nikampa aspirini, nilizo nazo mwenyewe hapa kwa mgongo wangu. Wiki iliyofuata walikuja nikague plasta, akaomba nyingine, nikampa. Mara ya tatu alikuja baba mtu." Alitazama bahasha iliyokuwa mkononi mwa Mama Tarehe, akautambua mwandiko wake. "Kwani mzee anaendeleaje?"

Koplo alifungua mdomo ajibu, akaona ni bora asiwe yeye.

"Amekufa," Mama Tarehe alisema. "Na hizi zilimharakisha. Utakuja kituoni uandike maelezo yako yote, pamoja na yale uliyojifanya huyaoni."

Jua lilikuwa bado kali waliporudi kwa Mwalimu. Safari hii Koplo alikaa naye sebuleni, akaziba mlango kwa mwili wake mkubwa. Mama Tarehe aliingia chumba cha ndani na mtoto. Sheria inataka mtu mzima awepo, na aliyepatikana ni jirani wa mlango wa pili, mwanamke yule yule aliyepiga kelele kuliko wote siku ya kumshambulia mlezi. Alikaa kitandani, mikono mapajani, akingoja kusikia uovu wa yule mwanamke.

"Sindano," Mama Tarehe alisema, "nasikia wewe na Babu mlikuwa na mashindano."

Mtoto alitazama mlango.

"Baba hasikii. Yule bwana mnene anamsimulia habari za mpira."

"Ni siri yetu," mtoto alinong'ona. "Babu alisema tukisema, Baba atafungwa, halafu nani atanilisha."

"Babu alikuwa na akili. Na mashindano yalikuwa ya nini?"

"Ya kupona. Mimi mkono, yeye kichwa. Atakayechelewa anamshonea mwenzake nguo." Akafikiri. "Mimi sijui kushona. Lakini Babu alisema nisijali, yeye ni mzee, wazee huchelewa. Akaanza gauni siku ile ile."

"Siku ile ambayo Baba alikasirika?"

Kichwa kidogo kilikubali. Maneno yakatoka mafupi mafupi. Alikuwa amemwaga wino kwenye madaftari ya wanafunzi wa baba yake. Baba akatoa ukutani ile futi ndefu ya mbao ya Babu. Pigo la kwanza alilikinga kwa mkono. La pili Babu aliingia katikati. Babu akakaa chini, akasema sijambo, akavaa kofia, akamshika mkono ule mzima, wakaenda hospitali kwa miguu.

"Na futi iko wapi?"

"Baba aliivunja akachoma."

Jirani alikuwa ameanza kulia bila sauti, mikono bado mapajani. Mama Tarehe hakumwonea huruma. Alimwambia alie baadaye, kwanza asikilize vizuri, kwa sababu kesho atayarudia haya mbele ya Mkuu wa Kituo.

Sebuleni Mwalimu alisimama alipoona pingu. Hakubisha. Jambo hilo lilimkera Mama Tarehe kuliko kama angebisha.

"Nilikuwa namrudi mwanangu," alisema kwa sauti ile ile ya darasani. "Nani hamrudi mwanawe? Mzee alijiingiza mwenyewe. Na alisema hajambo. Wewe mwenyewe ungesikia. Alisema hajambo."

"Na yule mama aliyevunjwa mkono kwa yowe lako? Yeye alijiingiza wapi?"

Mwalimu alitazama sakafu. "Watu walikuwa wanauliza," alisema. "Ilibidi awepo mtu."

Koplo alimfunga pingu akazibana tundu moja zaidi ya lazima, na mkubwa wake akajifanya hakuona. Kisha Mama Tarehe alipiga simu kituoni kusema karatasi za kesho zibadilishwe jina.

Kazi moja ilibaki. Mama Tarehe alilichomoa gauni la njano chini ya sindano ya cherehani, akakata uzi. Daktari angelihitaji. Mishono ile mitatu ilionyesha mkono wa mzee ukifa hatua kwa hatua, na mtoto ndiye shahidi kwamba ilianza tarehe tisa. Wakili yeyote wa Mwalimu angekuja na habari za mlezi, na gauni lingemfunga mdomo. Alilikunja, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika namba na tarehe.

Mtoto alikuwa ameshika kona ya meza.

"Hilo ni langu," alisema. "Nilishinda. Plasta ilipotoka nilimwonyesha Babu, nikamwambia nimekushinda. Akacheka, akasema kweli, atalimaliza. Bado mkono mmoja tu."

"Najua ni lako, mwanangu. Nalichukua kwa muda. Litarudi."

"Lini?"

Mama Tarehe alikuwa na kalamu mkononi bado. Kesi ya mauaji katika mahakama zile haikuwahi kuchukua chini ya miaka minne. Alilitazama gauni ndani ya mfuko, akautazama urefu wa mtoto, akafunga daftari.